Unene, jeni za kurekebisha DNA na saratani ya utumbo mpana: mambo ambayo familia inapaswa kujua

"Alikufa kwa tumbo." Karibu kila familia ina ndugu ambaye kifo chake kinaelezwa hivyo, hasa kama alifariki njiani wakati wa kukimbia, au kijijini ambako hapakuwa na daktari wa kupima. Mara nyingi tumbo hilo lilikuwa kipindupindu, homa ya matumbo au vidonda vya tumbo. Lakini kuna familia ambazo tumbo linarudi: babu, kisha shangazi, kisha kaka mkubwa ambaye hata miaka 50 hajafika. Hapo watu huanza kunong'ona kuhusu sumu, kurogwa au laana ya ukoo. Wakati mwingine mjane au mke mwenza ndiye anayebebeshwa lawama, na anaweza kufukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo.

Makala hii inaeleza sababu moja ya kweli inayoweza kuwa nyuma ya vifo vya namna hiyo, yaani saratani ya utumbo mpana inayotokana na jeni zilizoharibika. Inaeleza pia kwa nini uzito wa mwili unaweza kuongeza hatari hiyo, na mambo ambayo mtu anaweza kufanya akiwa kambini, kwenye makazi au katika kijiji jirani.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya utumbo, ambapo maji hufyonzwa na kinyesi hutengenezwa kabla ya kufika kwenye puru na kutoka nje. Saratani ya sehemu hizi mbili kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani. Vinyama vingi havina madhara. Vichache hubadilika polepole, mara nyingi kwa miaka kumi au zaidi, na kuwa saratani. Kinyama kikionekana mapema kinaweza kukatwa, na mtu huyo asipate saratani kabisa kutoka mahali hapo.

Mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na takriban 900,000 walikufa. Ni saratani ya tatu kwa idadi ya wagonjwa wapya na ya pili kwa kuua. Haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kumwogesha, au kutumia choo kimoja naye.

Mafundi wanaosahihisha makosa ndani ya mwili

Ukuta wa ndani wa utumbo huchakaa haraka, na mwili huufanya upya kila baada ya siku chache. Ili seli moja izae mbili, lazima inakili maandishi yake yote ya urithi, yaani DNA, yenye herufi zipatazo bilioni 6. Hakuna mwandishi anayenakili herufi nyingi kiasi hicho bila kukosea. Kwa hiyo mwili una mafundi wake wa kusahihisha.

Fikiria mafundi wanne wa cherehani. Wawili wa kwanza hupitisha mkono juu ya kitambaa kipya wakitafuta mshono uliokosewa. Wakiukuta, huwaita wawili wengine, ambao huhakikisha mshono mbaya unafumuliwa na kushonwa upya. Ndani ya seli, jeni zinazotengeneza mafundi hao huitwa MSH2 na MSH6 (watafutaji), na MLH1 na PMS2 (wanaosimamia ufumuaji). Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa wanasayansi watatu, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, kwa kueleza jinsi mwili unavyorekebisha DNA. Modrich ndiye aliyefafanua kazi ya mafundi hawa tunaowazungumzia.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wapo watu wanaozaliwa na nakala moja iliyoharibika katika mojawapo ya jeni hizo nne. Nakala nzima iliyobaki hufanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Siku ikiharibika nayo katika seli moja ya utumbo, seli hiyo hubaki bila fundi. Makosa yanarundikana, na kati ya makosa hayo yapo yanayofungua njia ya saratani.

Hali hii huitwa sindromu ya Lynch. Mzazi aliyenayo, awe mwanamume au mwanamke, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Inakadiriwa kuwa takriban saratani 3 kati ya kila 100 za utumbo mpana hutokana nayo. Kwa mtu mwenye MLH1 au MSH2 iliyoharibika, uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana maishani hukaribia nusu, na mara nyingi humpata kabla ya uzee. Kwa mwenye PMS2 hatari ni ndogo zaidi. Wanawake wenye sindromu hii wako pia katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba.

Ipo jeni nyingine, MUTYH, ambayo kazi yake ni tofauti kidogo: hurekebisha herufi zilizounguzwa na kemikali kali za oksijeni zinazozaliwa ndani ya mwili. Hii huleta ugonjwa pale tu mtoto anaporithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima. Ndiyo maana magonjwa ya aina hii huonekana zaidi pale ndugu wa karibu wanapooana, kwa sababu huenda wote wawili wamebeba nakala mbovu ileile ya babu mmoja.

Familia zilizofungua njia

Mwaka 1895, huko Ann Arbor katika jimbo la Michigan, Marekani, fundi cherehani mmoja mwanamke alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba anajua atakufa akiwa bado kijana, kwa sababu watu wa familia yake hufa kwa saratani ya tumbo au ya viungo vya uzazi. Warthin hakumpuuza. Alianza kuandika ukoo wake jina kwa jina, na mwaka 1913 akauchapisha. Mwanamke huyo alikufa kwa saratani ya mji wa mimba, kama alivyotabiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Henry Lynch wa Nebraska alikutana na mgonjwa aliyeharibiwa na pombe. Alipomuuliza kwa nini anakunywa hivyo, mgonjwa alijibu kwamba watu wote wa familia yake hufa kwa saratani na yeye pia atakufa. Lynch alikwenda kwa familia, akachora ukoo, na kwa miaka mingi alibishana na madaktari walioamini kwamba saratani hairithiwi. Jeni ya MSH2 ilitambuliwa mwaka 1993 na MLH1 mwaka 1994, na ubishi ukaisha.

Watu hawa wawili hawakuwa na elimu ya udaktari. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu ya ukoo, na ndiyo iliyoanzisha kila kitu. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu kwa mkimbizi kumbukumbu ya ukoo ndicho kitu ambacho vita hukiharibu kwanza.

Unene unaingiaje hapa?

Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani la WHO walitangaza kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuwa mafuta mengi mwilini huongeza hatari ya aina 13 za saratani, ikiwemo ya utumbo mpana na puru. Kwa watu wa kawaida, unene mkubwa huongeza hatari ya saratani hii kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na mtu mwenye uzito wa wastani.

Mafuta ya mwili, hasa ya kitambi, yanafanya kazi kama tezi. Hutoa kemikali zinazosababisha uvimbe wa ndani usiopoa, ule ambao mtu hausikii kama maumivu. Pia huufanya mwili utoe insulini nyingi, na insulini nyingi huzihimiza seli za utumbo kuzaana haraka. Seli zikizaana haraka, kunakili kunakuwa kwingi na makosa yanaongezeka. Uvimbe nao huzalisha zile kemikali kali za oksijeni zinazounguza herufi za DNA.

Kwa hiyo unene huongeza makosa, na jeni iliyoharibika hupunguza usahihishaji. Mtu mwenye vyote viwili anabanwa pande zote.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka kwenye utafiti uitwao CAPP2, ulioongozwa na Profesa John Burn wa Newcastle, Uingereza, na kushirikisha watu wenye sindromu ya Lynch kutoka nchi mbalimbali. Katika washiriki 937, wale wenye unene mkubwa walikuwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana mara 2.4 kuliko wale wenye uzito wa kawaida au mdogo. Kwa wenye hitilafu ya MLH1 hatari ilifika mara 3.7. Kwa wenye MSH2 au MSH6 ongezeko kama hilo halikuonekana. Yaani hata kati ya mafundi wanne, si kila anayekosekana huleta shida ileile mtu anaponenepa.

Tusichanganye mambo, lakini. Watafiti walipopima uvimbe wa wagonjwa wa kawaida ambao hawakurithi chochote, walikuta kwamba unene unahusiana zaidi na saratani ambazo mafundi wake wanne bado wako kazini. Maana yake ni kwamba unene una njia zake nyingine za kuleta saratani, na mtu asiye na historia yoyote katika ukoo hawezi kusema kitambi hakimhusu.

Je, mtu wa kambini ananenepa kwa kipi?

Hili ni swali la haki. Mgao umepunguzwa mara kadhaa miaka hii, na kuzungumza habari za unene mbele ya mtu anayelaza watoto njaa kunaweza kuonekana kama dhihaka. Lakini njaa na unene vinaweza kulala nyumba moja. Katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi karibu na Tindouf, Algeria, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi au unene, na katika takriban nyumba moja kati ya nne kulikuwa na unene na utapiamlo kwa pamoja. Watu hao walikuwa wameishi kwa mgao tangu katikati ya miaka ya 1970.

Sababu tunazijua hata huku kwetu. Mgao ni unga, mafuta na maharage, na mboga na matunda ni vya kununua. Kinachouzwa kwa bei ndogo ni mandazi, chapati na soda. Aliyekuwa analima tangu alfajiri sasa anakaa, kwa sababu hana shamba au haruhusiwi kutoka. Msongo wa mawazo na kukosa usingizi navyo huongeza uzito. Na baadhi ya wenzetu huona kunenepa kuwa ni dalili ya kutulia. Baada ya miaka ya kukonda, ni vigumu kumlaumu mtu kwa kufurahia shavu.

Kujipima si kazi kubwa. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Jibu la 25 na zaidi ni uzito uliozidi, 30 na zaidi ni unene mkubwa. Kwa mtu wa mita 1.60, kilo 64 ndio mpaka wa kwanza na karibu kilo 77 ndio wa pili. Kipimo cha kiuno ni muhimu vilevile: sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ni mahali pa kuanza kuwa makini. Mtu anaweza kuwa na uzito wa wastani na bado akawa na kitambi.

Chakula chetu wenyewe

Mwaka 1971 Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu sana kwa Waafrika wa vijijini, na akahusisha jambo hilo na chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 2015 watafiti walijaribu wazo hilo moja kwa moja. Kwa wiki mbili, Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa chakula cha aina ya kijijini Afrika, chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, na watu 20 wa kijijini Afrika Kusini wakapewa chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Ndani ya siku 14 tu, uvimbe na kasi ya kuzaana kwa seli za utumbo vilishuka kwa kundi la kwanza na kupanda kwa la pili. Mwaka 2025 utafiti mwingine, uliofanywa na wanaume 77 wa eneo la Kilimanjaro, Tanzania, ulionyesha jambo linalofanana: waliobadili kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe ndani ya wiki mbili.

Kwa lugha ya jikoni: maharage, kunde, mtama, ugali wa dona, sombe, mchicha, viazi vitamu na ndizi za kupika ni chakula kizuri kwa utumbo, si chakula cha maskini. Ukipata nafasi ya kusagisha mahindi yako bila kuyakoboa, fanya hivyo. Soseji na nyama nyingine za viwandani zinajulikana tangu 2015 kuwa husababisha saratani hii. Pombe pia, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, na tumbaku. Kutembea kwa nguvu, kuchota maji, kulima hata bustani ndogo nyuma ya nyumba, vyote vinahesabika.

Andika ukoo wako

Kaa na mzee wa familia, au mpigie aliyeko Uvira, Bujumbura au popote alipo, na uliza. Nani alikufa kwa tumbo? Alikuwa na umri gani? Alikuwa anatoa damu chooni? Alikonda? Kuna mwanamke aliyetokwa damu baada ya hedhi kukoma? Andika kwenye daftari, upande wa baba na upande wa mama, kila upande peke yake.

Madaktari hutumia kanuni iitwayo ya Amsterdam: ndugu watatu wa damu wenye saratani ya utumbo mpana, mji wa mimba, utumbo mwembamba au njia ya mkojo, mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na wengine wawili, vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50. Ukoo wako ukifanana na hivyo, mwambie mhudumu wa afya hata kama wewe huumwi. Lakini kanuni hii ilitengenezwa kwa familia ambazo watu wake hufa kitandani. Kama nusu ya wajomba zako waliuawa wakiwa na miaka 25, hatuwezi kujua wangepata nini wakiwa na 45. Ndugu mmoja aliyeugua akiwa kijana anatosha kuuliza.

Kama kuna ndugu aliyefanyiwa upasuaji au kukatwa kinyama cha kupimwa, tunza ripoti ya maabara. Kipande hicho kinaweza kupimwa ili kuona kama mafundi wanne wapo au mmoja ametoweka, na majibu yake huisaidia familia nzima.

Dalili, na mahali pa kwenda

Nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, kukonda bila sababu, maumivu ya tumbo yasiyoisha, au ukiambiwa una upungufu wa damu bila sababu kujulikana. Damu inaweza kuwa ya bawasiri, amiba, au kichocho cha tumbo kwa walio karibu na maziwa kama Albert na Victoria. Haya yanatibika, na ni sawa yatibiwe kwanza. Lakini kama umetibiwa na damu inaendelea, rudi, na usikubali dozi ya tatu ya dawa ileile bila kuulizia rufaa. Taja historia ya ukoo kwa mdomo wako, maana huenda usiulizwe.

Vituo vikubwa vya saratani katika eneo hili ni pamoja na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Na Butaro, Rwanda. Mkimbizi huanzia kituo cha afya cha makazi yake ili apewe rufaa. Mwongozo wa UNHCR unataka kamati inayoamua rufaa za gharama kubwa izingatie uwezekano wa mgonjwa kupona. Hapo ndipo kuchelewa kunapogharimu: aliyekuja na kinyama ana nafasi nzuri, aliyekuja saratani ikiwa imeshafika kwenye ini anaweza kunyimwa.

Kwa wenye sindromu ya Lynch, kipimo kinachookoa maisha ni kamera inayoingizwa kwenye utumbo, iitwayo kolonoskopi. Nchini Finland, familia zilizofuatiliwa kwa miaka 15 zilipunguza saratani hii kwa asilimia 62 kwa kupimwa kila baada ya miaka 3. Huku kwetu kamera hizo ni chache na ziko mijini. Ndugu waliohamishiwa Marekani, Kanada au Australia wanaweza kuzipata kwa urahisi zaidi, na wengine wanaweza kupimwa jeni. Jeni mbovu ikitambuliwa kwa mmoja wao, mtu wa ukoo aliyebaki kambini hahitaji tena kutafutiwa katika jeni zote. Anapimwa hiyo moja tu.

Tahadhari kuhusu aspirini

Katika utafiti wa CAPP2, waliopewa aspirini miligramu 600 kila siku kwa miaka 2 walipata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 9 katika miaka 10 iliyofuata, dhidi ya asilimia 13 ya waliopewa dawa isiyo na kitu. Pia, ile hatari ya ziada ya unene haikuonekana kwa waliotumia aspirini. Habari hii imewafanya baadhi ya watu kununua aspirini dukani na kuimeza kila siku. Usifanye hivyo. Washiriki walikuwa wamethibitishwa kuwa na hali ya kurithi na walifuatiliwa na madaktari. Aspirini inaweza kutoboa vidonda vya tumbo na kusababisha kutokwa damu, ni hatari katika homa ya dengi, haifai kwa mtoto mwenye homa, na mjamzito asiitumie bila ushauri. Kama unajua ukoo wako una sindromu hii, peleka swali la aspirini kwa daktari pamoja na lile daftari.